Nyumba ya Dada si Nyumba ya Wageni



Kila likizo inapokaribia, wengi wenu hunijia baada ya Misa mkisema, "Padre, tunashuka Dar es Salaam kwa ndugu, utuombee safari njema." Nami huwabariki. Juma hili napenda kuongeza neno moja juu ya baraka hiyo, neno nililojifunza kwa aibu mwaka jana nilipokuwa mgeni wa dada yangu mkubwa kule Kimara. Nalisimulia kwa ruhusa yake.

Nilikuwa na siku saba za mapumziko. Mapema kabla ya safari niliketi na daftari, nikapanga matembezi ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Jumatatu, Pugu. Jumanne, Makumbusho ya Taifa na kuvuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Jumatano, Unguja. Alhamisi, Bagamoyo. Ijumaa na Jumamosi niliziachia bahari.

Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Kimara ni mwisho wa njia ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016. Ukiondoka alfajiri unafika Kivukoni kabla jua halijawa kali, na boti za Unguja ziko jirani na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, safari ya saa mbili hivi. Pugu nayo ina historia inayomgusa kila Mkatoliki wa nchi yetu: huko ndiko Wabenediktini walikoanzisha misioni mwaka 1888, na Januari 1889 watatu kati yao wakauawa. Nilitamani kusali mahali pale. Basi nikaandika saa za kuondoka, nauli na saa za kurudi. Jambo moja tu halikuwamo katika daftari lile: dada yangu.

Kila siku aliamka saa kumi alfajiri kunipikia chapati za njiani. Kila siku nilirudi usiku, nikakuta chakula kimefunikwa kawa mezani, nikala kwa haraka, nikashukuru, nikaenda kulala. Nilijiona mgeni mwema, asiyemsumbua mtu.

Jumatano, niliporudi kutoka Unguja, ilikuwa inakaribia saa nne usiku. Dada alikuwa amesinzia kitini. Binti yake ndiye aliyenifungulia mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shikamoo mjomba. Mama amepika wali wa nazi na samaki tangu Jumatatu, anasema ndicho ulichokipenda utotoni. Anataka tule pamoja nawe. Jana tulikungoja mpaka saa tatu na nusu, ndipo akaturuhusu kula. Yeye mwenyewe hakula."

Nilisimama pale na mfuko wangu wa karafuu mkononi, sina la kusema.

Usiku ule nilipofungua kitabu cha sala, mawazo yalinipeleka Bethania. Ndugu zangu, tunasahau kwamba Bwana wetu naye alifanya safari za mchana akitokea kijiji cha rafiki zake. Mtakatifu Yohane anatuambia kwamba Bethania ilikuwa karibu na Yerusalemu, umbali wa kama kilometa tatu kwa vipimo vyetu. Katika juma lake la mwisho, Mathayo na Marko wanatuonyesha Yesu akiingia mjini mchana na kurudi Bethania jioni. Alikuwa na kazi kubwa kuliko zote: kuukomboa ulimwengu. Hata hivyo, siku sita kabla ya Pasaka, alikubali kuandaliwa karamu huko, Martha akihudumu, Lazaro akiwa mezani, Maria akimpaka miguu marhamu. Aliyekuwa na muda mfupi kuliko sisi sote alipata muda wa kukaa mezani. Mimi, kwa ajili ya kutazama magofu na bahari, sikuupata.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu yangu ilikuwa imekwisha kupita na jembe sijaligusa. Alhamisi sikutoka. Nilikwenda na dada sokoni, nikabeba kikapu, nikarudi nikaketi juu ya mbuzi kukuna nazi. Alicheka sana kuona jinsi nilivyosahau kazi ile. Jioni nilimwuliza, "Dada, na wewe ungependa kutembea wapi?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bagamoyo." Ameishi Dar es Salaam miaka ishirini na saba. Bagamoyo ni kama kilometa sabini tu. Hajawahi kufika.

Ijumaa tulikwenda pamoja, bila kuangalia saa. Nilimwonyesha misioni iliyoanzishwa mwaka 1868 na Mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka Unguja, wakawakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Nilimwonyesha kanisa la zamani, ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Kisha akasema miguu inamuuma. Tukaketi chini ya miembe, kwenye njia iendayo msalabani ufukweni.

Tangu nipewe daraja la upadre dada huniita "Padre", hata nyumbani. Siku ile aliniita "mdogo wangu".

"Mdogo wangu," alisema, "tangu tumzike shemeji yako sijakanyaga jumuiya. Walikuja siku za msiba, wakaahidi hawataniacha. Maturubai yalipofunguliwa, wakaondoka nayo. Jumapili naenda kanisani, nakaa nyuma, natoka kabla ya mwisho. Nilitaka kukuambia kwa simu, lakini kwenye simu una haraka siku zote. Nikasema, akija atakaa, nitamwambia."

Shemeji alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo. Miaka miwili dada alikuwa ameubeba mzigo ule, na siku tatu nzima nilikuwa nimempita nao mlangoni alfajiri na usiku. Wapo wasemao kwamba jina la Bagamoyo limetokana na kubwaga moyo. Sikumhubiria. Nilimwomba msamaha, tukakaa mpaka upepo wa jioni ulipoanza.

Wapendwa, siwakatazi matembezi. Uumbaji wa Mungu na historia ya Kanisa letu vinastahili kutembelewa, na kufikia kwa ndugu huokoa fedha nyingi. Lakini kabla hujapanga safari, muulize mwenyeji siku zake. Ukitoka siku moja, kaa nyumbani siku ya pili. Mwalike naye, huenda hajawahi kufika mahali unapopatamani. Changia jikoni kwa mfuko na kwa mikono. Na rudi chakula kikiwa bado cha moto, kwa maana huenda kuna neno linalokungoja mezani, ambalo halisemwi kwa mtu aliyesimama.

Nasi tunaobaki hapa parokiani tujiulize: katika jumuiya zetu ndogo ndogo, ni mjane gani tuliyemwahidi na kumwacha siku maturubai yalipofunguliwa? Nyumba yake huenda iko karibu kuliko Bethania na Yerusalemu.

Dada yangu hajarudi jumuiya bado. Kila Jumapili jioni nampigia simu, nami huketi kwanza ndipo napiga. Mkumbukeni katika sala zenu, nanyi nawaombea.

Nawatakieni Jumapili njema na likizo yenye baraka.

Padre wenu.