Bandari kwa Bandari: Safari ya Familia Ziwani

Ziwa Victoria ni neema iliyo mlangoni petu wakazi wa Mwanza, na likizo ni wasaa wa kuwaonesha watoto ufundi wa Muumba bila ya kukodi mwongozaji. Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, ni mwendo mfupi wa boti kutoka mjini. Nansio ya Ukerewe yataka siku nzima. Aendaye Bukoba kwa MV Victoria husafiri usiku na kupitia Kemondo.

Kabla ya kukata tiketi, tuulize bandarini saa ya chombo cha kurudi, kisha tupange matembezi, chakula na swala kwa kuihesabia saa hiyo. Achelewaye gatini hulala ugenini na watoto.

Wala tusipande chombo kilichojaa kupita kiasi. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 2018. Na waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, makaburi yao pale Igoma yangali yanatuwaidhi. Tawakkul huja baada ya kumfunga ngamia. Kungoja chombo cha kesho si hasara.