Wiki ya mvua Mugumu: jibini, uzi na bibi harusi aliyefunga begi



Mara hii tunawaandikia kutoka bara, mbali na bahari na harufu ya karafuu. Sisi wawili ni mawifi: mmoja mzaliwa wa Unguja aliyeolewa Tarime miaka mingi, mwengine ni dada wa mume wake. Tuliyoyaona wiki ile tumeyaandika kwa ridhaa ya mwenyewe, kwa sababu tunajua wapo mabibi harusi wengi watakaojiona humu.

Ilikuwa masika, mwezi wa Aprili. Mdogo wetu, binti wa ami, alikuwa ameolewa Mugumu, wilaya ya Serengeti, na ndoa ilikuwa na miezi minne. Usiku mmoja baada ya Isha akatupigia simu. Hakulia. Alisema tu, "Dada, njooni mnichukue. Nishafunga begi."

Asubuhi tukaondoka Tarime, tukapita Nyamwaga na Nyamongo, tukavuka Mto Mara. Nia yetu ilikuwa tulale siku mbili, tumsikilize, kisha tujue la kufanya. Usiku ule ule mvua ikashuka, na haikupumzika wiki nzima. Njia ya kurudi ikawa tope. Siku ya pili umeme ukakatika. Mume wake ni dereva wa lori, naye alikuwa amekwama Mwanza na mzigo. Nyumbani tukabaki wanawake wanne: sisi wawili, bibi harusi, na mama mkwe wake.

Kwanza tulimuuliza lile ambalo ndugu wa mwanamke wanapaswa kuuliza kabla ya kutoa nasaha yoyote. Anapigwa? Ananyimwa matumizi? Anatukanwa? Lau angesema ndiyo, tope lisingetuzuia, tungetoka naye hata kwa miguu. Akasema hapana, tena zaidi ya mara moja. "Hakuna aliyenifanyia ubaya. Lakini hakuna anayezungumza na mimi. Mume hayupo, mama anaongea Kikurya na jirani zake, mimi nakaa chumbani. Baridi, dada. Hata chai nakunywa peke yangu."

Hatukumwambia asubiri, wala hatukumwambia aende. Tuliswali Dhuhuri, tukaingia jikoni, kwa sababu jikoni kulikuwa na tatizo lake.

Mama yule ana ng'ombe wa kienyeji wanne na chotara mmoja. Kwa siku wanatoa kama lita 9. Siku za kawaida mchuuzi huja na pikipiki asubuhi, akayachukua kwenda kuuza mjini. Wiki ile hakuweza kufika. Vibuyu vyote vya maziwa ya mgando vilikuwa vimejaa, na ndoo nyengine ilikuwa inasubiri. Mama akawa anatukaribisha kikombe cha maziwa mabichi, ya moto kutoka kwa ng'ombe, na kwa desturi ya huko hiyo ni heshima kubwa. Mdogo wetu tangu aolewe alikuwa akikikataa bila kueleza sababu, na mama alikuwa ameshakata tamaa naye.

Hapa tuseme wazi kwa mabibi harusi. Maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na brusela ni hatari zaidi kwa mwenye mimba, kwani mimba inaweza kuharibika. Kukataa kwake kulikuwa sawa. Kilichokosekana ni maneno. Wifi wa Tarime akamweleza mama kwa Kikurya, taratibu na kwa adabu. Mama akamtazama mkwewe, akasema kwa Kiswahili, "Kumbe! Mimi nilidhani ananiona mchafu." Binti akainama, akamshika mkono.

Basi tukayachemsha, na yaliyozidi tukafanya jibini. Njia yetu ni hii:

Chukua lita 5 za maziwa freshi, yachuje, uyaweke kwenye sufuria nzito. Koroga mpaka yawe karibu kufoka. Toa motoni. Tia maji ya ndimu yaliyochujwa, vijiko 2 vikubwa kwa kila lita, kidogo kidogo, huku ukikoroga polepole. Siki nyeupe pia inafaa. Maziwa yatakatika: mabonge meupe juu, maji ya kijanikijani chini. Yakiwa bado meupe chini, ongeza ndimu kijiko kimoja. Acha dakika 10, kisha mimina kwenye kitambaa cheupe safi kilichochemshwa. Usitumie kanga, rangi itatoka. Suuza kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa ili ukali wa ndimu upungue, tia chumvi, funga, kamua, halafu weka chini ya jiwe zito lililooshwa kwa muda wa saa mbili. Lita 5 zilitupa kama robo tatu ya kilo. Bila friji, ile siku ile ile. Maji yake usiyamwage, kandia chapati, zinakuwa laini sana.

Jibini hii haitaki kimeng'enyo cha tumbo la ndama kinachotumika kugandishia baadhi ya jibini za dukani. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu kimeng'enyo cha mnyama asiyechinjwa kisharia, lakini kwenye ndimu na maziwa hakuna shaka ya kuulizia.

Tulikuwa tumebeba nazi mbili kutoka soko la Tarime. Mdogo wetu akaikata jibini vipande, akaikaanga, akaitia kwenye mchuzi wa nazi wenye ndimu na pilipili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupika chakula cha kwao katika nyumba ile. Mama alikula kimya, akamaliza, akasogeza sahani tena.

Jioni, taa ya chemli ikiwaka, mama akatoa mfuko wake wa uzi. Yeye hufuma masweta ya watoto, kwani usiku wa huko una baridi, na sindano zake ni spoki mbili za baiskeli zilizonolewa. Mdogo wetu anajua kushona kofia za vito, kama wasichana wengi wa Unguja, lakini hakuwahi kufuma. Akaomba afundishwe. Somo lilienda kwa vidole zaidi kuliko maneno. Akapandisha vitanzi 60, akafuma safu kumi, akagundua kosa, akafumua zote. Akaanza tena, akafumua tena. Mara ya tatu mama akamzuia mkono. Akamwambia: hapa ndipo kitanzi kilipodondoka, fumua mpaka hapa tu. Huku chini ni kuzima, kwa nini unakuharibu?

Hatukuongeza neno. Lakini usiku ule, katika kusoma kwetu Qur'ani, tulikuwa kwenye Surat An-Nahl. Katika sura hiyo moja, aya ya 66 inatutaka tuzingatie maziwa yanayotoka matumboni mwa wanyama, na aya ya 80 inataja sufi na manyoya yao kuwa ni neema kwetu. Na aya ya 92 inatukataza tusiwe kama mwanamke anayeufumua uzi wake baada ya kuwa ameusokota ukawa imara. Aya hiyo inazungumzia ahadi na viapo. Mdogo wetu aliisoma tafsiri kwa sauti, akanyamaza, akarudia.

Tusieleweke vibaya. Si kila ndoa ni ya kushikiliwa, na sheria yetu imempa mwanamke njia ya kutoka pale penye dhara. Mwanamke anayedhulumiwa asitupiwe aya ya uzi. Lakini upweke na dhulma ni vitu viwili. Anayedhulumiwa huondolewa pale alipo, na mpweke hutafutiwa mtu wa kukaa naye. Sisi ndugu zake tulimcheza ngoma, tukamsinga, tukampaka hina mpaka viwikoni, tukampandisha gari, kisha miezi minne hatukufika. Lawama ile ni yetu, na tulimwomba radhi.

Siku ya nane jua likatoka, na pikipiki ya maziwa ikafika. Begi lilikuwa bado nyuma ya mlango. Mume alirudi jioni, na binti akazungumza naye mbele yetu bila kupandisha sauti. Alitaka mambo matatu: apige simu kila usiku akiwa safarini, ampeleke Unguja kila mwaka kumuona mama yake, na apate fundi wa kutengeneza kabati la kushonea ili afanye kazi yake. Mume akakubali. Tukasema tulipaswa kuyaandika haya siku ya nikah. Nyinyi ambao bado hamjaolewa, jueni masharti ya halali yanawekwa kwenye akdi, tena kabla ya kukubali mahari. Ulizeni mtaishi wapi, na nani, na mume atalala nyumbani siku ngapi.

Hatukurudi naye. Alitusindikiza mpaka garini, akatupa jibini iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Begi hatukujua kama amelifungua, na hatukuuliza.

Mwezi uliopita alitutumia picha ya sweta moja dogo la kijani. Shingo imekwenda upande. Ameandika chini yake: "Msiniulize la nani. Tuombeeni dua tu."

Tunaomba. Na nyinyi muitikie Amin.