Sekunde Ngapi? Picha ya Bahari Iliyo na Mtu Ndani Yake

Leo tunaweka kando hifadhidata na tovuti, tunashika kamera. Wengi mmeniuliza zile picha za bahari ambazo maji yake yanaonekana kama ukungu hupigwa vipi. Msiogope hesabu. Kama umewahi kuandika programu hata ya kujumlisha namba, utazielewa.

Jibu fupi ni hili: lenzi huachwa wazi kwa muda mrefu. Badala ya 1/200 ya sekunde, unaiacha sekunde 1, sekunde 30 au hata dakika kadhaa. Kilichotulia hutoka wazi, kinachosogea huyeyuka. Kwa hiyo unapochagua sekunde, unachagua pia nani abaki kwenye picha na nani afutike.

Jambo hili lina umri sawa na kamera yenyewe. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwa kuwa picha ilichukua dakika kadhaa, wapita njia wote walipotea. Anayeonekana vizuri ni mtu mmoja aliyesimama akipigwa rangi viatu. Wengine walikuwepo, ila hawakutulia.

Haya, tuingie kazini.

1. Hesabu ya filta. Mchana mwanga ni mwingi mno, kwa hiyo mbele ya lenzi unaweka filta nyeusi. Nguvu yake hupimwa kwa stopu, na kila stopu hukata mwanga nusu. Kanuni yake:

sekunde mpya = sekunde za mwanzo x 2^stopu

Filta ya stopu 10 huzidisha muda mara 1,024. Waandishi wa programu watatambua kwamba ni kusogeza biti 10 kushoto. Kama bila filta kamera ilitaka 1/30 ya sekunde, sasa itataka sekunde 34. Filta ya stopu 6 huzidisha mara 64, kwa hiyo 1/60 inakuwa sekunde 1 na ushei. Weka ISO 100 na tundu la lenzi f/8 au f/11. Usikimbilie f/22 ili kupata sekunde zaidi, maana tundu likiwa dogo sana mwanga hutawanyika na picha hupoteza ukali. Panga picha na lenga kabla ya kufunga filta, kwa sababu ikishakaa huoni kitu.

2. Alfajiri yetu ina haraka. Maelezo mengi yaliyo mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. London mwezi Juni, mapambazuko kabla ya jua kuchomoza huchukua zaidi ya dakika 40. Pwani ya Kenya, karibu na ikweta, jua hupanda karibu wima na muda huo ni kama dakika 21 tu. Anga likiwa safi, mwanga huongezeka maradufu kila dakika 3 hivi. Ukipima mwanga, ukaanza picha ya dakika 4, hesabu yako itakuwa imepitwa kabla picha haijaisha. Asubuhi punguza muda, jioni ongeza, na upime upya kila mara.

3. Tazama histogramu, yule mchoro wa vilima, usitazame uzuri wa picha kwenye kioo cha kamera. Piga faili ghafi. Faili la biti 14 lina ngazi 16,384, na nusu yake, yaani 8,192, ziko kwenye stopu moja ya juu kabisa. Kwa hiyo sogeza kilima kulia kadiri unavyoweza bila kugusa ukuta. Povu jeupe likishaungua, hakuna programu itakayolirudisha.

4. Mpangilio huanza na kilichotulia. Maji yakiwa laini na anga likiwa laini, jicho halina pa kushika. Tafuta kwanza mwamba, gati au chombo, ndipo ufikirie maji. Mstari wa upeo wa bahari uwe sawa na usipite juu ya kichwa cha kitu chako. Ukitaka mistari ya povu inayoongoza jicho, bonyeza wimbi linapoanza kurudi, kati ya 1/2 ya sekunde na sekunde 1. Sekunde 30 zitafuta mistari yote.

Soma pia jedwali la maji. Wakati wa bamvua, bahari yetu hupanda na kushuka mita 3 hivi. Maji yakiwa yamepwa, mawimbi huvunjikia mbali kwenye mwamba na ufuoni hupati msogeo.

Hesabu hizi zilinifaa mwaka huu kuliko wakati wowote. Mjomba wangu ni mvuvi wa Mayungu, kusini mwa Malindi. Magoti yamemkatalia na alikuwa amepata mtu wa kununua dau lake. Mama akanipigia simu: njoo na kamera kabla halijaondoka.

Nilitaka bahari laini, lakini mjomba abaki. Kumbandika baadaye kwa programu ningeweza, ila alikuwepo pale pale mbele yangu. Dau lilikuwa limelala mchangani, maji yakijaa. Ilibidi mawimbi yalifikie bila kulielea, maana likielea litatikisika. Nafasi ilikuwa ya dakika chache, na mwanga nao ulikuwa unakimbia. Dakika chache kabla ya jua, kwa f/11, kamera ilitaka 1/8. Filta ya stopu 3 ikanipa sekunde 1. Mjomba akakaa ubavuni mwa dau, mkono juu ya mbao.

"Mjomba, nikisema sasa, usitikisike."

"Mwanangu, nimengoja samaki usiku kucha, sekunde moja itanishinda?"

Tulipiga 9. Kufikia ya mwisho kamera ilitaka nusu sekunde na dau lilikuwa limeanza kucheza. Nzuri ni ya 6: povu linarudi kwa mistari, uso wa mjomba unasomeka hadi makunyanzi.

Dau liliondoka wiki ile ile. Picha niliichapisha, nikampelekea. Aliitazama muda mrefu, akasema maji yale si ya Mayungu hata kidogo, lakini dau ni lake. Kisha akamwomba mama msumari.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Wasalaam.