Nilisema mtandao wa nje umekatika

Niliifuta mipangilio yote ya swichi kuu ya kliniki moja ya Ruwi, hapa Maskati, kwa vitufe vilivyo usoni mwake. Kisha nikawaambia watu wa kliniki kwamba mtandao wa nje umekatika. Kosa la kwanza lilitokana na uvivu na kidole. La pili nililichagua. Ninayaandika yote mawili kwa sababu mafundi wenzangu husimama mbele ya kioo cha aina ileile kila siku, na sioni kinachowakinga wasifanye nilivyofanya mimi.

Kwa asiyeifahamu, swichi ni sanduku jembamba la chuma ambamo nyaya zote za mtandao wa jengo hukutana: za kompyuta, za simu za mezani, za printa, za kamera. Fundi huipangia kazi kwa laptopu, ama akiwa mbali kupitia mtandao, ama akiwa mbele yake kwa waya wa konsoli. Baadhi ya swichi zimeongezewa kioo kidogo usoni. Zile za Juniper aina ya EX4200, zilizoingia sokoni mwaka 2008, zina kioo cha mistari miwili, kila mstari herufi 16, na vitufe viwili pembeni: kimoja cha kupitisha orodha, kingine cha kukubali. Swichi ya kliniki ile haikuwa mbali na hiyo kwa umbo. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1998 kampuni ya Cobalt ya California ilitoa kompyuta ndogo ya mtandao iitwayo Qube, yenye umbo la mchemraba, isiyohitaji skrini wala kibodi. Ulikuwa unaingiza anwani ya IP kwa vitufe vya kioo chake, na mengine yote unayamaliza kwa kivinjari kutoka kompyuta nyingine.

Niliupenda ufundi huo, na bado naupenda. Mtu aliyesimama mbele ya kabati la mtandao, hana laptopu, anaweza kujua jina la kifaa, kama kuna tahadhari, kama feni inazunguka. Tatizo ni kwamba kioo cha herufi 16 huonyesha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na mambo yote huyaonyesha kwa uzito mmoja. Kuwasha upya, kuzima, kurudisha nakala ya dharura, kurudisha mipangilio ya kiwandani: kila moja ni mstari mfupi wa Kiingereza cha mkato, na yote yanangoja kitufe kilekile. Kwenye laptopu, amri ya kufuta kila kitu unaiandika kwa herufi, na mkono unapata muda wa kusita. Kwenye kioo, kidole kilichobonyeza mara tatu hakioni tofauti kikibonyeza mara nne.

Kifaa hakikukosea. Kilifanya nilichokiamuru, na kabla ya hapo kiliniuliza.

Niliitwa kwa sababu simu mbili za chumba cha maabara zilikuwa kimya tangu asubuhi. Kulikuwa na joto la Juni, lile linalofanya usukani wa gari usishikike, na Ruwi kupata maegesho saa za kazi ni bahati. Niliiacha gari mbali, nikaliacha na begi la laptopu ndani yake, kwa hesabu kwamba nitatazama tu kisha nitajua kama nahitaji vifaa. Nilipofika kwenye kabati sikuona tatizo lolote. Hapo ningepaswa kwenda maabara na kuufuata waya wa simu kuanzia mezani. Badala yake niliamua kuiwasha swichi upya, jengo zima likiwa kazini, kwa sababu ndilo jambo ambalo kioo kingeniruhusu kulifanya bila kurudi juani.

Uamuzi huo peke yake ulikuwa mbaya. Hata kama ningebonyeza sawasawa, ningekuwa nimewakatia watu wote mtandao kwa dakika kadhaa ili kutafuta ugonjwa wa simu mbili.

Nikaingia kwenye orodha ya matengenezo. Simu yangu ikalia, nikaipokea kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mteja mwingine akiuliza nitafika kwake saa ngapi. Nikawa naongea huku kidole kikipitisha orodha. Nilikuwa nimeshapitia orodha za namna hiyo mara nyingi hata nikawa sizisomi, nahesabu tu mabonyezo. Nikahesabu vibaya. Kioo kikauliza kama nina hakika. Niliyaona maneno ya swali, sikuyaona maneno yaliyotaja kitu kinachoulizwa. Nikabonyeza.

Taa za nyaya zikazimika zote, kama nilivyotarajia. Nikamaliza mazungumzo ya simu. Baada ya muda taa zikaanza kurudi, moja baada ya nyingine, za kijani. Nikashusha pumzi nikidhani kazi imekwisha.

Kijani kile ndicho kilichonichelewesha. Taa ya kijani kwenye swichi hukuambia kwamba waya umeshika na upande wa pili kuna kifaa kilicho hai. Haikuambii kama kifaa hicho kinafika kinakotakiwa kufika. Kwenye kliniki ile mtandao ulikuwa umegawanywa katika VLAN kadhaa: mafaili ya wagonjwa kivyake, simu kivyake, kamera kivyake, na intaneti ya wageni wa ukumbini kivyake, isiyoweza kugusa nyingine. Mgawanyo wote huo uliishi katika mipangilio ya swichi, na mipangilio haikuwepo tena. Nyaya zote zilikuwa zimemwagwa kwenye mtandao mmoja usio na njia ya kwenda kwa seva. Kwa macho, kabati lilikuwa zima kuliko lilivyopata kuwa.

Nilijua kwa sababu ya jina. Mstari wa juu wa kioo huonyesha jina ambalo fundi amekipa kifaa. La ile lilikuwa kifupi cha jina la kliniki na tarakimu ya ghorofa. Nilitupia kioo jicho nikiwa nageuka kuondoka. Jina halikuwepo. Pale mahali pake palikuwa patupu. Nilisimama nikiutazama utupu ule, na akili ikawa inatafuta maelezo mengine: labda bado inaamka, labda jina huja mwisho. Nikasubiri. Halikuja. Ndipo nilipokumbuka lile swali nililolijibu bila kulisoma, na maneno yake yakanijia yote, kama yalivyokuwa yameandikwa.

Nikarudi kwenye orodha, safari hii nikisoma kila herufi, nikachagua nakala ya dharura. Kioo kikajibu kwamba haipo. Nakala hiyo haizaliwi na kifaa. Lazima mtu aihifadhi siku swichi inapofanya kazi vizuri, na ni amri moja tu. Aliyeifunga hakuihifadhi. Nami niliyekuwa nikiitunza baada yake sikuihifadhi. Wala sikuwa na nakala popote pengine.

Nilipotoka kwenye chumba kile, muuguzi mkuu alikuwa mlangoni. Ni mama wa makamo ya juu, mzaliwa wa Unguja, mmoja wa wengi waliokuja huku wadogo na wazee wao miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Katika ukumbi ule utasikia Kiarabu, Kimalayalam, Kiurdu na Kiingereza. Mimi na yeye tulikuwa tukizungumza Kiswahili. Siku zote nikimwamkia aliniuliza hali ya mama yangu.

"Mwanangu, kompyuta zetu zote zimeganda. Kuna nini?"

"Mtandao wa nje umekatika, mama," nikasema. "Subirini kidogo, utarudi."

Sikuwa nimeupanga uongo huo. Ulikuwa tayari mdomoni, kwa sababu ni jibu ambalo sisi mafundi hulitoa mara nyingi na mara nyingi huwa ni kweli. Kampuni ya mtandao haipo pale kujitetea, na mtu wa mapokezi hana namna ya kuhakikisha. Akaniamini. Akageuka, akawaambia wenzake wasubiri, na wao wakawaambia wagonjwa wasubiri.

Hapo ndipo gharama ilipoanza kukua. Kliniki ile ilikuwa na fomu za karatasi kabatini kwa ajili ya siku kama hiyo. Wangeambiwa kwamba mfumo hautarudi kabla ya jioni, wangezitoa saa ileile. Kwa kuwa niliwaambia ni kidogo, walikaa. Zaidi ya saa nzima watu walikaa kwenye viti, wengine wakiwa na watoto wenye homa, wakingoja kitu nilichojua hakiji. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikimpigia simu fundi mwenzangu.

Mwenzangu ni Mtanga, mtu wa maneno machache. Alikuja na laptopu na waya wa konsoli. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, nakala ya mwisho umechukua lini?" Sikumjibu, na akaelewa. Alikuwa na nakala moja kwenye flashi yake, aliyoichukua siku swichi ilipofungwa, kabla kliniki haijaongeza chumba cha mionzi na duka la dawa. Tukaipakia hiyo. Ilirudisha sehemu kubwa. Iliyobaki ilitubidi tuifuate waya kwa waya, tukigonga milango na kuuliza, "Hii inakwenda wapi?", kwa sababu nyaya mpya hazikuwa na lebo, na aliyezifunga bila lebo nilikuwa mimi. Mafaili ya wagonjwa yakafunguka jioni. Duka la dawa lilikamilika kesho yake.

Wakati tunafuata nyaya tukafika maabara. Simu mbili zile zilikuwa zimechomoka chini ya meza, pengine kwa ufagio. Tulizichomeka zikawaka.

Waliolipa ni hawa. Wagonjwa wa asubuhi ile walioondoka bila kuonwa. Mzee mmoja aliyetoka Barka kuchukua majibu yake. Yalikuwa ndani ya mfumo, akarudi bila majibu, na mwanawe akaomba ruhusa kazini siku nyingine ili amlete tena. Wafanyakazi wa mapokezi waliobaki hadi usiku wakiingiza kwenye kompyuta yaliyoandikwa kwa mkono. Kampuni yangu iliisamehe kliniki malipo ya miezi miwili ya matengenezo. Mimi nilipewa onyo la maandishi na nikakosa nyongeza ya mwaka ule.

Bosi nilimwambia ukweli siku ileile, kwa njia ya simu. Sijisifu kwa hilo. Mwenzangu alikuwa ameshajua, na kifaa kingesema chenyewe. Muuguzi mkuu sikumwambia hadi kesho yake, nilipokwenda kumalizia duka la dawa. Nilimkuta akipanga fomu za jana. Nikamwambia kwamba mtandao wa nje haukukatika, kwamba nilifuta mipangilio mimi mwenyewe na nilijua hivyo wakati nikimwambia asubiri.

Hakukasirika kwa sauti. Alisema, "Ungelinambia saa ileile tungeliandika kwa mkono. Mimi nimeanza kazi hakuna kompyuta." Kisha akauliza kama duka la dawa litakuwa tayari kabla ya adhuhuri. Nikasema ndiyo, na safari hii nilikuwa nimeshahakikisha.

Tangu hapo sigusi kioo cha kifaa chochote kabla sijachukua nakala ya mipangilio na kuitoa nje ya kifaa hicho, na sishiki simu nikiwa mbele yake. Pia nafunga orodha ya matengenezo. Watengenezaji wengi wenye vioo hivi wameacha njia ya kufanya hivyo: kwenye Juniper za EX unaweza kuiondoa orodha nzima ya matengenezo isionekane usoni, au ukaondoa kipengele cha mipangilio ya kiwandani peke yake na kubakiza kuwasha upya. Kioo kinabaki cha kusomea, na anayetaka kufuta atafute laptopu. Ni mistari michache ya amri. Ipo kwenye mwongozo, na ilikuwepo kabla sijaanza kazi hii. Sikuwa nimeisoma kwa sababu nilidhani kioo ni kitu kidogo mno kuhitaji kusomewa.

Kama una swichi, faiawoli au hifadhi ya mafaili yenye kioo na vitufe, pengine kwenye ukumbi ambao wageni hupita, nenda ukatazame leo orodha hiyo iko wazi au imefungwa. Ukiwa hapo, itoe nakala ya dharura nje ya kifaa na ujaribu kuirudisha kwenye kifaa cha akiba, si kile kinachofanya kazi, uone kama kweli ipo. Na zungumza na mtu wa mapokezi mapema: mkubaliane ni neno gani utamwambia siku ukiharibu, ili ajue mara moja kama atoe karatasi au asubiri.

Kliniki ile iliendelea na kampuni yetu. Kwenye barua ya kuhuisha mkataba waliomba fundi mwingine, na aliyetia saini alikuwa muuguzi mkuu. Mtanga ndiye anayekwenda sasa.