Picha Yenye Chenga

Hakuna anayependa chenga, iwe kwenye televisheni au kwenye picha ya mapafu. Kwenye mashine ya CT, njia rahisi ya kuziondoa ni kuongeza mionzi. Ukitaka zipungue kwa nusu, mionzi lazima iongezeke mara nne. Mashine hailalamiki na mgonjwa hasikii chochote, kwa hiyo bei ya picha safi husahaulika upesi.

Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia ya tiba. Hesabu hiyo nilishaijibu kwenye mitihani kabla haijaingia nyumbani kwetu. Mwaka jana mdogo wangu, siku kumi na mbili baada ya kujifungua, alianza kuhema akiwa amekaa tu, kifua kikimchoma kila akivuta pumzi. Daktari alihofia donge la damu kwenye mapafu, na alikuwa na haki ya kuhofia: wiki za uzazi ni za hatari, na donge kubwa huua ndani ya saa chache. Kipimo cha damu cha D-dimer, ambacho huwaepusha wengine na CT, kwake kisingesaidia sana kwa kuwa uzazi wenyewe hukipandisha. Akapigwa CT. Hakukutwa na donge. Tukashukuru Mungu.

Kesho yake, mtoto akiwa ananyonya, akaniuliza, “Dada, ile mionzi ilikuwa kiasi gani?”

Niliowauliza hospitalini walisema ni kidogo tu, nisiwe na wasiwasi. Namba ilikuwepo kwenye ukurasa wa mwisho wa picha zake, ambapo mashine huandika dozi bila kuombwa: 560. Kwa kifua, huizidisha kwa 0.014 na kupata karibu milisiverti 8. Ardhi, hewa, anga na chakula humpa binadamu wastani wa 2.4 kwa mwaka. Sekunde chache zilimpa mdogo wangu ya zaidi ya miaka mitatu. Hatari ya saratani hapo ni ndogo, wala isingekuwa sababu ya kumnyima kipimo. Lakini mionzi hiyo ilipita kwenye matiti ya mwanamke wa miaka 24.

Nimeitazama picha yake. Ni nzuri kuliko swali lililoulizwa. Daktari alitaka kujua kama mishipa ya mapafu imeziba. Mishipa hiyo hujazwa dawa yenye iodini, yale madini joto ya kwenye chumvi, na donge huonekana kama tundu jeusi katikati ya weupe. Volti za mashine zikishushwa, iodini huzuia mionzi vizuri zaidi na kung’aa zaidi. Kutoka kilovolti 120 hadi 100, bila kubadili kingine, dozi hupungua kwa karibu theluthi. Hadi 80, kwa zaidi ya nusu. Chenga huongezeka, lakini kwa mtu mwembamba tundu jeusi bado huonekana. Mdogo wangu ana kilo 52. Ukurasa ule ule ulionyesha 120.

Nilipompelekea hoja hii daktari bingwa wa mionzi ninayefanya naye utafiti, alivua miwani. “Mwanangu, nikikosa donge kwa sababu ya chenga zako, nani atasimama mbele ya ndugu wa marehemu?”

Swali lake ni zito kama la mdogo wangu, na utafiti wangu uko katikati ya hayo mawili. Tunapiga picha kifua cha plastiki chenye madonge ya bandia, tukishusha mionzi kidogo kidogo. Yeye anasoma bila kuambiwa volti. Atakapoanza kukosa madonge, tutapanda hatua moja na kusimama hapo.

Mdogo wangu ameandika namba yake nyuma ya kadi ya kliniki: 8, na tarehe. Anasema atakayempima tena lazima aisome kwanza.