Jopo la Kinyozi

Kwa muda mrefu kulikuwa na meza moja tu ambayo mimi nilikaa upande wa wanaouliza maswali. Na hata hiyo si meza hasa. Ni benchi la mbao ndani ya kinyozi kimoja hapa Umoja, karibu na steji, chini ya televisheni ambayo wachezaji wote huonekana wana rangi ya kijani kidogo. Hapo ndipo tunapoajiri makocha wa Manchester United.

Tumeajiri wengi. Tangu Sir Alex Ferguson astaafu Mei 2013 akiwa na mataji 13 ya ligi, benchi hilo limewapokea David Moyes, Louis van Gaal, José Mourinho, Ole Gunnar Solskjær, Ralf Rangnick na Erik ten Hag. Wote limewafuta kazi miezi kadhaa kabla klabu yenyewe haijapata akili ya kuachana nao.

Jopo lenyewe ni hili. Mwenye kinyozi ndiye mwenyekiti, kwa sababu yeye ndiye hulipa stima. Kuna fundi wa simu wa mlango wa pili. Kuna konda wa matatu anayekuja akimaliza zamu. Kuna Mwalimu, ambaye ana shahada ya ualimu, Hisabati na Fizikia, tangu 2017, na ambaye siku hizi anaendesha bodaboda akisubiri kuajiriwa. Hatumwiti Mwalimu kwa mzaha; jioni huwafundisha watoto wa ploti yetu hesabu za kugawanya kwenye ngazi. Halafu kuna mathe wa smokie, ambaye ni Arsenal na kwa hivyo hana kura, lakini huongea kuliko wapiga kura wote.

Mimi ni katibu. Nina shahada ya takwimu, ya 2021, na kwa miaka mitatu hilo benchi ndilo lilikuwa mahali pekee nilipoitumia.

Jumapili ya 27 Oktoba 2024, West Ham walitufunga 2-1, bao la pili likiwa penalti ya dakika za nyongeza. Jumatatu alasiri Ten Hag akafutwa. Tulikuwa nafasi ya 14. Saa moja jioni jopo lilikuwa limeketi, na mimi nilikuwa nimechora jedwali kwenye daftari: jina, umri, vikombe, lugha, uzoefu.

Mwenyekiti alimtaka Zidane. "Klabu Bingwa mara tatu mfululizo, bana. Mnataka nini kingine?"

"Kizungu," akasema fundi. "Atawaongelesha kina Maguire na nini, mikono?"

Likaletwa jina la Gareth Southgate. Fainali mbili za Euro, amepoteza zote mbili. Likapigwa chini kabla sijamaliza kuliandika. Likaletwa la Graham Potter, ambaye hakuwa na timu tangu Chelsea wamfute Aprili 2023.

"Huyo hapana," akasema konda. "Mtu akikaa nje mwaka mmoja na nusu, jua kuna kitu. Kama angekuwa mzuri si wangekuwa wamemchukua?"

Watu wakatikisa kichwa kukubali. Mimi pia nilitikisa, kwa mazoea tu. Mwalimu alikuwa ameshika helmeti yake magotini, akiikwangua stika kwa ukucha. Hakusema kitu. Hesabu ni rahisi na sote tulikuwa na simu za kupigia hesabu: kutoka 2017 hadi 2024 ni miaka saba nje.

Jumatano hiyo, mimi mwenyewe nilikuwa na mahojiano. Nilipanda matatu hadi Upper Hill na bahasha yangu ya kaki, ndani yake vyeti vyote vinavyotakiwa kuthibitisha kwamba wewe si mwizi, huna deni la kodi na mkopo wako wa chuo unajulikana uliko. Kazi ilikuwa ya msaidizi wa data. Tangazo lilisema ni ngazi ya kuanzia. Mstari wa chini yake ulisema uzoefu usiopungua miaka mitatu.

Walikuwa watu watatu, wapole kabisa. Waliniletea maji. Wa katikati alikuwa na fomu mbele yake, na kwa kuwa nimezoea kusoma daftari za watu kinyumenyume (ndivyo wanafunzi wa nyuma wanavyofaulu), niliona ina jedwali. Jina, umri, masomo, lugha, uzoefu.

"Naona hujawahi kufanya kazi kama hii mahali popote," akasema.

Nikasema nimefanya miradi yangu mwenyewe, nikaitaja. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha kwenye kisanduku cha uzoefu akaandika sifuri. Aliiandika vizuri, mviringo kamili, akahakikisha mwisho umekutana na mwanzo.

"Tutakupigia," akasema.

Sikukasirika. Kilichonikaa rohoni ni kwamba jedwali lake lilifanana na langu. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kulichora. Nilikuwa nimechorwa ndani yake mara nyingi hadi nikaweza kulichora mwenyewe, bila rula.

Alhamisi jopo likakutana tena. Usiku uliotangulia, Ruud van Nistelrooy akiwa kaimu kocha, United ilikuwa imeipiga Leicester 5-2 kwenye Kombe la Ligi. Jina lingine mezani lilikuwa la Ruben Amorim wa Sporting, Mreno wa miaka 39. Mjadala ukagawanyika hapo.

"Ruud amekuwa kocha mkuu PSV msimu mmoja tu," akasema fundi. "Kombe la Uholanzi, sawa. Lakini msimu mmoja? Hii si timu ya mtu kuja kujifunzia."

"Na huyo Amorim?" akauliza mwenyekiti. "Ligi ya Ureno mara mbili, 2021 na 2024. Ureno si Uingereza. Hana uzoefu wa presha ya huku."

Alisema "huku". Tuko Umoja.

Mathe wa smokie aliweka kisu chini. "Nyinyi watu mna kiburi. Sisi Arteta alikuja Desemba 2019 kama hajawahi kuwa kocha mkuu mahali popote. Alikuwa anampangia Guardiola koni. Tukamaliza nafasi ya nane. Mwaka uliofuata, nane tena. Nyinyi mngekuwa mshamfukuza mara tatu."

"Na ligi mmeshinda lini, mathe?"

"2004. Lakini sisi tunajua tunaenda wapi. Nyinyi mnajua?"

Hapo ndipo Mwalimu alipofungua mdomo. Ana sauti ya darasani. Haipandishi, anaiweka tu mahali na watu wanaifuata. Alisema Sporting walipomchukua Amorim kutoka Braga, Machi 2020, walilipa yuro milioni 10 kwa kijana aliyekuwa na miezi michache tu kwenye ligi kuu. Hata vyeti vya ukocha vilivyohitajika kwa ligi hiyo hakuwa amevikamilisha. Makocha wenzake walilalamika. Msimu uliofuata Sporting wakachukua ligi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 19.

"Na Ferguson," akaendelea. "Mnamtaja kila siku kama alizaliwa na vikombe. Alianza East Stirlingshire, 1974, akiwa na miaka 32. Timu ndogo. Akaenda St Mirren. Mnajua 1978 St Mirren walimfanya nini? Walimfuta kazi. Sasa nauliza. Huo uzoefu mnaoutafuta kwa watu, mnadhani wanautoa wapi? Dukani?"

Kukawa kimya. Na katika kimya hicho, na sitaki uamini kwamba nimepanga mambo yaangukiane hivi, kijana mmoja akachungulia mlangoni.

Alikuwa na miaka kama 19. Kiti cha pili cha kinyozi kilikuwa wazi kwa wiki mbili, aliyekuwa akikikalia alikuwa ameenda kufungua chake Kayole. Kijana alikuwa amesikia. Akasema "Habari zenu wakubwa," akasema anatafuta kazi.

Mwenyekiti, mashine bado mkononi, akamwangalia kutoka viatu kupanda juu. "Umenyoa wapi?"

"Nyumbani. Nanyoa ndugu zangu."

"Nimeuliza umenyoa wapi. Uzoefu wa miaka mingapi?"

Mathe wa smokie alicheka hadi akashika ukuta. Konda akatazama sakafu. Mwenyekiti mwenyewe alichukua sekunde kadhaa kusikia alichokuwa amesema, na alipokisikia hakufurahi. Kijana alidhani anachekwa yeye, akaanza kurudi nyuma.

"Ngoja," akasema Mwalimu. Akaweka helmeti kwenye benchi, akaenda akakaa kiti cha pili. "Ninyoe mimi."

"Mwalimu, wacha mchezo," akasema mwenyekiti. "Akiharibu nitasemaje?"

"Kichwa ni changu. Nywele zinamea."

Kuna methali kila mtu anaijua, kwamba kinyozi hajinyoi. Siku zote niliichukua kuwa ni ya kusaidiana, ile ya kuwekwa kwenye insha ya darasa la saba. Siku hiyo niliona upande wake mwingine. Hakuna kinyozi aliyejifunza kwa kichwa chake mwenyewe. Kila mkono ulionyooka leo, kuna kichwa cha mtu uliponyookea, na huyo mtu alitembea wiki nzima mjini na matokeo yake.

Kijana alichukua dakika 40. Mikono ilimtetemeka mwanzo, ikatulia akifika juu. Nyuma ya sikio la kulia laini ilipanda mlima kidogo, mathe akaitaja. Mwalimu akajitazama kwenye kioo, akageuza kichwa huku na huku, akasema "Iko sawa." Akalipa mia kamili, akavaa helmeti, akaenda kazini.

"Wewe ni kaimu," mwenyekiti akamwambia kijana. "Mpaka nijue nitafanya nini na wewe."

Ningependa kukwambia kwamba baada ya hapo kila mtu alifaulu. Mpira hauendi hivyo. Ruud alikaimu mechi nne, akashinda tatu, akatoka sare moja, halafu Amorim alipoingia 11 Novemba akaonyeshwa mlango. Mwisho wa mwezi Leicester wakamchukua, na msimu haujaisha wakashuka daraja akiwa nao. Amorim naye tuliyempitisha kura tatu kwa mbili alimaliza nafasi ya 15, akapoteza fainali ya Ligi ya Europa kwa Tottenham, 1-0, kule Bilbao. Usiku huo wa Mei konda alilia kwa staili ya kujifanya ana mafua.

Kijana wa kiti cha pili alikuwa mzuri. Kufikia Krismasi kulikuwa na wateja waliokataa kunyolewa na mwenyekiti, wakisema watamngoja. Januari akahamia kinyozi cha Donholm walichomwahidi kamisheni kubwa zaidi. Mwenyekiti alikasirika kwa wiki nzima. "Nimemfunza mimi. Sasa ameenda na uzoefu wangu."

"Sasa umejua huwa unatoka wapi," Mwalimu akamwambia, na hawakusalimiana siku mbili.

Lakini mwenyekiti ana hoja, na nimeifikiria sana. Aliyempa kijana kichwa ni Mwalimu, aliyempa kiti ni yeye, na aliyefaidi ni mtu wa Donholm ambaye hakutoa chochote. Ndiyo maana kila ofisi inataka miaka mitatu: kila mmoja anataka kuwa Donholm. Kila mmoja anangoja mwenzake atangulie kunyolewa vibaya. Na sisi tulionyolewa na mfumo huo, tukipewa benchi na jina la kocha, tunauliza swali lile lile, kwa sauti ile ile, na tunaona tumesema jambo la busara.

Upper Hill hawakupiga. Machi nilipata kandarasi ya miezi mitatu Industrial Area, kwa mwanamume aliyeniuliza swali moja tu: "Unaweza kuanza Jumatatu?" Ilipoisha akaniongezea mitatu. Wiki ya pili ya kandarasi hiyo ya pili aliniwekea mezani bahasha za watu walioomba kazi ya kunisaidia. Zilikuwa nyingi, nyingi zikiwa za kaki.

"Zipunguze," akasema. "Toa wasio na uzoefu kwanza, itakuwa rahisi."

Nilizitazama hadi akaondoka. Kisha nikazigawanya mafungu mawili, kama alivyosema, na nikaanza kusoma lile la wasio na uzoefu. Ya tatu ilikuwa ya msichana wa Kariobangi aliyeandika, chini ya uzoefu, kwamba kwa miaka miwili amekuwa akiweka hesabu za chama cha mama yake kwenye daftari na hakuna shilingi iliyowahi kupotea. Alikuwa ameambatisha picha ya ukurasa mmoja. Jedwali lilikuwa limenyooka.

Nikachukua simu nikapiga.