Jina la kila mtoto siku ya mahafali

Oktoba ikifika, simu za wazazi wa kidato cha nne hujaa ujumbe wa michango ya mahafali: turubai, pilau, keki, mshereheshaji. Ada katika sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilifutwa kuanzia 2016, lakini huu mchango una njia zake. Mwalimu mmoja mstaafu wa Engutoto, jijini Arusha, akisikia spika za shule ya jirani humkumbuka mwenzake Mjapani.

Wajapani wa kujitolea wanakuja Tanzania tangu 1967. Huyu alikuja kufundisha hisabati. Alishangaa kuona vijana wanaagwa kabla ya mtihani wa Novemba. Kwao mahafali ni Machi, mwaka wa shule unapokwisha, na hakuna disko. Mwalimu wa darasa husoma majina yote, mmoja mmoja, na kila mwanafunzi husimama akaitika "hai", yaani ndiyo. Wapo walimu wanaolia wakisoma. Baadaye msichana humwomba kijana anayempenda kifungo cha pili cha koti lake la shule, kwa kuwa ndicho kilicho karibu na moyo. Ofisi nzima ya walimu ilicheka. Lakini watoto wa hapa nao, wakimaliza karatasi ya mwisho, husainiana mashati kwa kalamu, na yapo mashati ambayo mama hakatazwi kuyafua bure.

Mwaka ule orodha ya wahitimu wa darasa la Mwalimu ilikuwa na majina 43. Daftari la mahudhurio lilikuwa na 44. Mjapani aliuliza wa 44 yuko wapi, na walimu wakatazamana. Mama yake huuza mboga, mchango ulimshinda, na mtoto alikuwa darasani peke yake akifuta ubao wakati wenzake wanaingia kwa maandamano.

Mwalimu aliacha orodha mezani, akaenda kwenye kipaza sauti na daftari la mahudhurio. Alipolisoma jina la 44, pakawa kimya. Kisha dirishani ikasikika: "Nipo, Mwalimu!" Alikuja mbio, mikono ina chaki. Cheti chake hakikuwa kimechapwa, hivyo mgeni rasmi alimpa mkono tu.

Mkuu wa shule hakufurahi. Hata hivyo, mwaka uliofuata majina yalisomwa kutoka daftarini. Wasiochanga walikosa pilau na soda, na hilo nalo Mwalimu aliligombania hadi anastaafu.